Gelai, Julai 2007: ardhi ya Arusha ilivyofanya kazi yake kimya

Jumanne ya tarehe 17 Julai 2007, saa 11 jioni ikiwa imepita dakika kama 10, ardhi ilitikisika Arusha, Moshi na hadi Nairobi, ambako watu waliacha ofisi za ghorofani wakashuka barabarani. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9. Mitetemo midogo ilikuwa imeanza siku chache kabla, na baada ya hapo iliendelea kwa wiki kadhaa, makumi yake ikivuka ukubwa wa 4. Wiki saba kamili baadaye, Jumanne ya tarehe 4 Septemba, Ol Doinyo Lengai ukalipuka na kurusha majivu angani.

Wengi waliyaunganisha mambo haya kwa njia ya mkato: Lengai ulikuwa unajiandaa kulipuka, ndiyo maana ardhi ikatetemeka. Maelezo hayo yanaingia akilini haraka, lakini yameuweka mkia mahali pa kichwa. Mitetemo haikutoka chini ya Lengai. Ilitoka chini ya mteremko wa kusini wa Gelai, mlima uliozimika zamani sana, kilomita kama 20 mashariki ya Lengai. Na jambo kubwa lililotokea chini ya Gelai halikuwa tetemeko. Tetemeko ulikuwa mlio wa kazi tu. Kazi yenyewe, ile ya kupanua bonde na kuinua kingo zake, sehemu yake kubwa ilifanyika bila mtu yeyote kuihisi.

Hii ndiyo sababu kisa cha Gelai kinastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua na kila anayetaka kuelewa Meru ulitoka wapi, au kwa nini ukuta wa Manyara umesimama pale ulipo. Mara chache sana duniani tukio la namna hii limepimwa katika bonde la ufa ambalo bado ni changa, lenye ganda la dunia ambalo bado ni nene.

Mahali penyewe

Ukitoka Arusha kwa barabara ya Namanga, ukafika Longido na kuacha lami kuelekea magharibi, Gelai unaonekana mapema: mpana, mabega yamelala, kama ungo uliofudikizwa. Kilele chake kiko mita 2,942 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Natron lililo miguuni pake liko kwenye mita kama 600 tu. Upana huo ni alama ya lava nyepesi ya basalti, ambayo hutiririka mbali kabla ya kuganda. Lengai, ng'ambo ya bonde, una umbo la kinyume: umechongoka, miteremko imesimama, kimo chake mita 2,962.

Kwa mstari ulionyooka, mteremko wa kusini wa Gelai uko kilomita kama 95 kutoka Arusha mjini, 150 kutoka Moshi na 180 kutoka Nairobi. Tarakimu hizi zina kazi. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko hupita ndani ya mwamba kwa kasi ya karibu kilomita 6 kwa sekunde. Ya pili, yale yanayoyumbisha, hupita kwa karibu 3.5. Kwa hiyo aliyekaa ametulia Arusha huhisi kwanza mshtuko mfupi kama wa mlango uliobamizwa, kisha sekunde 12 hivi za utulivu, kisha myumbo. Hesabu sekunde kati ya mshtuko na myumbo, zidisha kwa 8, utapata umbali kwa kilomita: 12 mara 8 ni 96. Moshi pengo hilo linafika sekunde 19.

Hapa ndipo watu walipopotea. Lengai uko kilomita kama 108 kutoka Arusha. Tetemeko la Lengai lingetoa pengo la sekunde 13 na nusu badala ya 12. Tofauti ya sekunde moja na nusu hakuna mwanadamu anayeweza kuikamata kwa kuhisi, tena akiwa na hofu. Juu ya hilo, kituo kimoja hukupa umbali bila kukupa upande. Unahitaji vituo vitatu ili miduara ikutane mahali pamoja. Bahati nzuri mwaka ule vipima mitetemo vya muda vilikuwa vimeshatandazwa kati ya Manyara na Natron kwa ajili ya utafiti mwingine, navyo vikaonyesha wazi kwamba miduara inakutana Gelai, tena si kina kirefu: ndani ya kilomita 15 hivi za juu. Kusini zaidi, upande wa Manyara, vipima hivyohivyo vilinasa mitetemo ya kina cha kilomita 20 hadi zaidi ya 30. Bonde ni moja, lakini tabia ya ganda inabadilika ndani ya mwendo wa siku moja kwa gari.

Kuvutwa, si kubanwa

Masomo ya shule huanza na milima ya kukunjamana. Bamba moja la ganda la dunia linasukuma jingine, tabaka zinakunjika kama mkeka uliosukumwa ukutani, milima inainuka. Ndivyo Himalaya ilivyo: India bado inasukuma kuelekea kaskazini kwa sentimita 4 hadi 5 kila mwaka. Mwanafunzi wa Arusha akitoka darasani na picha hiyo, kisha akatazama Meru dirishani, anadhani na Meru ulikunjwa. Haukukunjwa. Hakuna kinachobana hapa. Afrika ya Mashariki inavutwa pande mbili, na upande wetu wa kaskazini mwa Tanzania bonde linapanuka kwa milimita 3 hadi 4 kwa mwaka. Ukucha wa kidole cha mkono hukua kiasi hicho kwa mwezi mmoja.

Swali la haki ni hili: kitu kinachovutwa huwa chembamba na kulegea, sasa kimo kinatoka wapi? Kinatoka kwa njia tatu, na Gelai ilionyesha mbili za kwanza. Kwanza, mwamba uliovutwa hukatika kwa ufa ulioinama, kipande kimoja kikateleza chini na jirani yake, akiwa ametuliwa mzigo, akapanda kidogo. Pili, magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, hupenya katika nafasi iliyofunguka na kuongeza mwamba mpya ndani ya ule wa zamani. Tatu, sehemu ndogo ya magma hiyo hufika juu, ikatapikwa, ikarundikana. Njia ya kwanza huzaa kuta kama ule unaoupanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Ya tatu ndiyo huzaa Meru, Lengai na Kilimanjaro. Ya pili haionekani kwa macho, na kwa maoni yetu ndiyo inayosahaulika zaidi katika mafunzo, ingawa bila hiyo njia ya tatu haina chakula.

Hatua ya kwanza: ufa unateleza

Kilichoanza Gelai ni ufa. Pande mbili za mwamba chini ya mlima ziliteleza, moja ikashuka kuliko nyingine. Lakini ziliteleza polepole, kwa muda wa siku kadhaa, badala ya kukatika kwa sekunde chache kama inavyokuwa katika tetemeko la kawaida. Mtelezo wa namna hii hautoi mawimbi yanayohisika. Mfugaji angeweza kusimama juu yake akichunga ng'ombe na asijue kitu.

Tuone mtelezo kama huo unafanya nini kwa umbo la ardhi. Tuseme ufa umeinama nyuzi 60 na umeteleza sentimita 40. Upande ulioshuka umeshuka sentimita 35 hivi, na pande mbili zimeachana kwa sentimita 20. Hiyo ni hesabu ya pembetatu tu, lakini inaonyesha jambo ambalo picha za vitabuni huficha: ufa mmoja unafanya kazi mbili kwa pigo moja, unapanua bonde na unaongeza kimo cha ukuta. Sasa chukua ukuta wa mita 500. Kwa sentimita 35 kila mara, unahitaji matukio kama 1,400. Tukio moja likija kila baada ya miaka 500, umefika miaka 700,000. Ni makadirio ya mkono, kwa sababu nyufa hugawana kazi, mvua hula ukuta na mashapo hufukia sakafu ya bonde. Hata hivyo yanaangukia mahali pazuri: nyufa kubwa za eneo hili zina umri unaohesabiwa kwa mamia ya maelfu ya miaka hadi miaka milioni na ushei.

Kwa nini ufa uliteleza bila kishindo? Mwamba wa eneo hili una joto, na nyufa zake zimejaa majimaji na gesi. Kati ya Natron na Ziwa Magadi la Kenya hewa ya ukaa inatoka ardhini kupitia nyufa kwa wingi uliopimwa. Shinikizo la gesi ndani ya ufa huzitenga pande mbili kidogo, msuguano ukapungua, na mwamba ambao ungeng'ang'ania hadi ukatike kwa ghafla unaachia polepole. Si kila mahali. Sehemu zilizong'ang'ania ndizo zilizotoa mitetemo, na mkubwa wake ukawa ule wa Jumanne.

Hatua ya pili: kabari

Aliyewahi kupasua gogo la mti mgumu anajua kwamba shoka peke yake halitoshi. Unatafuta mstari wa ufa, unaweka kabari, unagonga. Na kama gogo lenyewe limelala mahali ambapo uzito wake unalivuta pande mbili, kabari inaingia kwa pigo moja, unabaki unashangaa. Hivyo ndivyo magma ilivyofanya chini ya Gelai. Ufa ulipoteleza ulilegeza mwamba wa jirani. Mkazo uliokuwa ukiubana mlango wa magma ukapungua. Magma iliyokuwa ikisubiri chini ikaingia, ikasimama wima ndani ya mwamba kama ukuta: urefu kilomita 7 hivi, unene wake mahali pa upana kabisa mita 2 hivi. Haikufika juu. Iliishia kilomita chache chini ya miguu ya watu na mifugo, na Gelai haukutoa hata moshi.

Mpangilio huu, ufa kwanza na magma baadaye, ndio uliowashangaza wataalamu. Ilizoeleka kufikiri kwamba katika bonde changa lenye ganda nene nyufa ndizo hufanya karibu kazi yote, na kwamba magma huingia kazini baadaye sana, ganda likishakonda, kama kule Afar nchini Ethiopia. Gelai ilionyesha magma ikiwa kazini mapema.

Tupime ukubwa wa kazi yenyewe. Nguvu ya tetemeko hupatikana kwa kuzidisha eneo la ufa uliokatika kwa umbali wa mtelezo, kisha kwa ugumu wa mwamba. Tetemeko la 5.9 ni sawa na eneo la kilomita 10 kwa 10 lililoteleza sentimita 30: yaani mita za ujazo milioni 30 kabla ya kuingiza ugumu. Sasa ukuta wa magma: urefu mita 7,000, na tukikadiria kimo cha mita 4,000 na unene wa mita 2, tunapata mita za ujazo milioni 56. Karibu mara mbili ya tetemeko kubwa, na hapo bado hatujaongeza ufa ulioteleza kimya. Tipa ya mita 10 za ujazo ingehitaji safari milioni 5 na laki 6 kuubeba ukuta huo. Yote hayo yalipita chini ya wilaya moja ndani ya siku chache, na watu wa mjini waliikumbuka Jumanne peke yake.

Na gharama yake kwa muda? Bonde likipanuka milimita 3 hadi 4 kwa mwaka, mita 2 za unene ni akiba ya mvuto wa miaka 500 hadi 670, iliyotumika kwa mkupuo. Ndiyo maana ni makosa kufikiria milima ikikua kama mti, kidogo kila siku. Huku kwetu inakua kama deni linalolimbikizwa na kulipwa siku moja.

Picha zilizosomwa kutoka angani

Kwa kuwa karibu na Gelai hapakuwa na vipokezi vya kudumu vya kupima mwendo wa ardhi, ushahidi mkubwa ulitoka kwa setilaiti za rada za wakati ule, Envisat ya Ulaya na ALOS ya Japani. Namna ya kusoma picha hizo inafaa kuelezwa, kwa sababu zinasambazwa mitandaoni na wengi huzisoma vibaya.

Rada hupiga picha mahali pamoja mara mbili, kabla na baada, kisha hulinganisha hatua ya wimbi linalorudi, yaani mahali lilipofika katika kupanda na kushuka kwake. Matokeo huchorwa kama mikanda ya rangi inayojirudia. Wimbi la Envisat lina urefu wa sentimita 5.6, kwa kuwa linakwenda na kurudi, mkanda mmoja mzima wa rangi ni nusu yake, sentimita 2.8 za ardhi kusogea kuelekea setilaiti au kuiacha. Kwa ALOS wimbi ni sentimita 23.6, mkanda ni 11.8. Unaanza kuhesabu mahali ambapo ardhi haikusogea, unaelekea katikati: mikanda 10 ya Envisat ni sentimita 28. Mikanda ikisongamana kiasi cha kuchanganyika, ardhi imesogea mno au imechanika, na hapo ALOS yenye mkanda mpana husaidia mahali ambapo Envisat imeshindwa.

Makosa ya kawaida ni matatu, na moja linauma zaidi. Mvuke wa maji angani huchelewesha wimbi, hivyo mlima mrefu wenye ukungu kileleni unaweza kuonekana umeinuka au umeshuka sentimita kadhaa kumbe ni hewa tu. Dawa ni kulinganisha jozi kadhaa za tarehe tofauti na kuamini kile kinachojirudia. Majani na msitu huvuruga picha, ingawa nyika kavu ya Longido ni rafiki kwa rada. Linalouma ni la tatu: setilaiti za namna hii hupita karibu kaskazini hadi kusini zikitazama pembeni, kwa hiyo ni kama vipofu kwa mwendo wa kaskazini na kusini. Anayedai kuujua mwendo wote wa ardhi kwa picha ya upande mmoja anajidanganya. Gelai ilieleweka kwa sababu picha zilichukuliwa kutoka pande mbili, setilaiti ikipanda na ikishuka, kisha zikapimwa dhidi ya mitetemo iliyorekodiwa na mipasuko iliyokutwa ardhini.

Mpasuko wa kweli na mpasuko wa maji

Juu ya ule ukuta wa magma, ardhi ilifanya kile ambacho juu ya kabari gogo hufanya: katikati ilizama, pande zote mbili zikainuka kidogo, na kwenye mipaka mipasuko ikafunguka. Kwenye mteremko wa kusini wa Gelai ilionekana mipasuko yenye tofauti ya kimo ya makumi ya sentimita kati ya upande na upande. Ukisimama mbele ya mpasuko kama huo unaona ngazi: majani ya upande mmoja yako chini ya majani ya upande wa pili, na njia ya mbuzi iliyokuwa tambarare imekatwa kwa kidato.

Si kila mpasuko wa ardhi ni habari ya bamba la dunia. Mwezi Machi 2018, nchini Kenya, mpasuko mrefu ulikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok baada ya mvua kubwa, na dunia nzima ikaandika kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho. Sehemu kubwa ya ule ulikuwa mmomonyoko: maji yalikuwa yameukula udongo laini wa majivu ya volkano chini kwa chini, na dari ikaanguka. Udongo wetu wa mbuga nao hupasuka kila kiangazi kwa kukauka tu.

Kutofautisha kunawezekana kwa macho na futi ya kamba. Fuata mpasuko kuanzia mwanzo hadi mwisho ukiandika uelekeo wake. Ule wa ardhi kuvutwa hushika mstari wa nyufa za bonde, kwa kawaida kaskazini au kaskazini-mashariki, na haujali mteremko: unapanda kilima na kushuka korongo bila kugeuka. Wa maji hufuata mahali maji yanapokwenda. Kisha pima tofauti ya kimo kati ya kingo mbili kila baada ya hatua 20. Katika ufa wa kweli tofauti hiyo ni ya upande uleule kwa umbali mrefu, ikikua kuelekea katikati na kupungua kwenye ncha. Katika shimo la mmomonyoko kingo mbili huwa kwenye usawa mmoja na kilichopotea ni udongo wa kati. Mwisho, tafuta mahali mpasuko unapokutana na mwamba mgumu. Ukiishia hapo, ulikuwa ni udongo tu. Ukikata mwamba, piga picha ukiweka kitu cha kipimo pembeni, andika tarehe, na uwape taarifa wataalamu. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iko Dodoma na hiyo ni kazi yake.

Lengai aliingiaje?

Hatuwezi kusema kwamba Lengai uliwashwa na Gelai. Ulikuwa ukitoa lava kileleni tangu 1983, lava isiyo na mwenzake duniani leo: ya kaboneti yenye magadi ndani yake, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu wakati basalti hutoka na 1,100 na zaidi. Mchana huonekana nyeusi na hutiririka kama oili chafu, kisha ikinywa unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Lava nyepesi hivyo haijengi mlima uliosimama. Sehemu kubwa ya kiwiliwili cha Lengai ni mwamba mwingine, mzito, wa milipuko ya kale.

Mwaka 2007 magma yenye silika (madini ya mchanga na kioo), iliyojaa gesi, ilipanda kutoka chini ikakutana na ile ya kaboneti. Kamua ndimu juu ya magadi uone povu. Kemia si ileile, lakini matokeo yanafanana: hewa ya ukaa inafunguliwa kwa wingi na haraka kuliko inavyoweza kutoka taratibu. Kasoko ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imejaa lava hadi kufurika ikafukuliwa, likabaki shimo lenye kina cha zaidi ya mita 100, lililozungukwa na ukingo mpya wa majivu. Majivu yalifunika malisho na wafugaji wa karibu walihamisha mifugo. Milipuko iliendelea hadi 2008.

Mkazo uliobadilika chini ya Gelai unaweza kufika kilomita 20 na kulegeza au kubana njia za magma za jirani, na ukaribu wa tarehe unaipa hoja hiyo uzito. Lakini Lengai uliwahi kulipuka hivyo 1917, 1940 na 1966, kwa ratiba yake. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba mvuto uleule wa bonde ndio unaowalisha wote wawili. Anayetaka kuutumia mmoja kutabiri mwingine anahitaji zaidi ya kisa kimoja.

Mawe mawili mkononi

Kuna njia rahisi ya kuona kwamba kaskazini mwa Tanzania kuna zaidi ya namna moja ya mlima. Okota jiwe kwenye rundo la ujenzi Arusha: kijivu au jeusi, lina vitundu vidogo vya gesi iliyokwama lava ilipoganda, pengine na chembe zinazong'aa. Hilo ni jiwe lililorundikwa kutoka juu. Kisha okota jingine chini ya milima ya Pare, pembeni mwa barabara ya Mwanga kwenda Same: zito, halina tundu hata moja, lina mistari myeusi na myeupe iliyopinda kama nguo mbichi iliyokamuliwa. Hiyo ni naisi, iliyokandwa kwa joto na shinikizo kina kirefu ardhini, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana.

Hapa ndipo wanafunzi hukosea mtihani. Wakiona mikunjo ndani ya jiwe la Pare huandika kwamba Pare ni milima ya kukunjamana. Mikunjo ni ya kweli, lakini milima iliyoletwa na mgongano ule ilisagika na kuisha zamani. Pare ya leo imesimama kwa sababu ya nyufa: ni bonge la mwamba wa kale lililoachwa juu huku ardhi ya pembeni ikishuka. Umri wa jiwe na umri wa mlima ni vitu viwili tofauti.

Kundi la mitetemo halisomwi kama tetemeko moja

Kwa wanaoishi hapa, funzo la kiutendaji la Gelai ni la namna ya kusubiri. Katika tetemeko la kawaida kubwa linatangulia, mengine yanafuata yakipungua siku hadi siku. Magma inapotembea inakuwa kundi: mitetemo ya ukubwa unaokaribiana, bila mkubwa ulio wazi mwanzoni, ikihama mahali kadiri kabari inavyosonga. Mwaka 2007 ule wa 5.9 ulikuja baada ya siku kadhaa za midogo. Kuwatangazia watu siku ya pili kwamba "kubwa limeshapita, rudini ndani" ni hatari katika hali hiyo. Mwenye nyumba ya tofali isiyo na lenta iliyozunguka kuta zote, na nyufa tayari kwenye kona za madirisha, afadhali alale nje hadi kundi litulie.

Tangu 2016 vipokezi vya GPS vimewekwa kuzunguka Lengai, Chuo Kikuu Ardhi kikishiriki, navyo hupima mwendo wa milimita. Ufa ukiteleza tena kimya kama ule wa Gelai, safari hii kuna kifaa cha kuuona ukiwa unateleza.

Ukuta wa magma wa unene wa mita 2 hupoteza joto na kuganda ndani ya wiki chache tu. Kwa hiyo Lengai ulipolipuka Septemba, na macho yote yakawa kwenye moshi wake, ule wa Gelai huenda ulikuwa umeshakuwa jiwe kwa sehemu kubwa. Hauonekani, na hautaonekana hadi mvua imalize kilomita za mwamba zilizoufunika. Anayetaka kuona ndugu zake aende Moshi asubuhi kabla mawingu hayajashuka, aangalie mashariki ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Mawenzi, mita 5,149, umezimika zamani kuliko Kibo na mmomonyoko umeula hadi mifupani. Miiba na kingo zile kali zinazoukatakata mbingu zimejaa kuta za magma za kale, ngumu kuliko mwamba uliozizunguka. Laini ilikwenda na maji, kuta zikabaki zimesimama.